Bustanini kwanza, makumbusho baadaye

Shule nyingi za sekondari zinazobahatika kwenda makumbusho huenda katika wiki ambayo mwalimu hana tena la kufundisha. Mitihani imekwisha, alama zinajumlishwa, wazazi wameshachanga nauli, basi linaondoka alfajiri. Wanafunzi wanapita mbele ya mafuvu na ndege waliokaushwa, wanasimama kidogo kwenye chupa za nyoka, wanapiga picha, wanakunywa soda, wanarudi wakiimba. Siku kumi baadaye ukimwuliza mmoja wao alichokiona, atakutajia kilichokuwa kikubwa kuliko vyote na kilichomtisha. Mwanafunzi hana kosa hapo, na makumbusho hayana kosa pia. Ziara ilipangwa iwe zawadi, ikawa zawadi. Ninachoshauri ni utaratibu mwingine: ziara iwekwe katikati ya mada, itanguliwe na wiki kadhaa za kazi kwenye bustani ya shule, na wanafunzi wapande basi wakiwa na swali ambalo bustani imewaachia bila jibu. Mpangilio huo ndio unaoamua kama watajifunza baiolojia au watatembea tu.

Ushahidi wa hoja hii si wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, John Falk, pamoja na wenzake waliwachunguza watoto waliopelekwa kujifunza nje ya darasa, wakaona kuwa mahali pageni hushindana na somo. Mtoto asiyepajua hutumia nguvu zake kupazoea, na somo hupata kinachobaki. Mwaka 1994 Nir Orion na Avi Hofstein wa Israel walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari katika ziara ya jiolojia, wakaeleza kuwa ugeni huo una sura tatu: ugeni wa maarifa, ugeni wa mahali, na ugeni wa siku yenyewe, yaani kutojua itakwendaje. Waliopunguziwa ugeni huo kabla ya safari walijifunza zaidi. Kwa mwalimu, sura mbili za mwisho ni kazi ya kipindi kimoja: chora ubaoni ramani ya jengo, sema mtaingilia wapi, mtakula saa ngapi, vyoo viko upande gani, nani atakaa na nani. Watoto wa kidato cha pili wana njaa ya habari hizo kuliko tunavyodhani. Ugeni wa maarifa ndio mzito, na huo hauondolewi kwa hotuba ya dakika arobaini. Huondolewa na bustani.

Chukua mada ya uzazi wa mimea inayotoa maua. Kitabuni kuna mchoro wa ua lenye kila kitu, sehemu dume na sehemu jike pamoja, na mwanafunzi huukariri hadi Mtihani wa Taifa bila kujua kwamba baadhi ya mimea anayoila kila siku haifanani nao. Sasa panda maboga kando ya uzio wiki ya kwanza ya muhula. Baada ya wiki sita hadi nane hivi yataanza kutoa maua, na yatakayotangulia ni maua dume, yenye kikonyo chembamba. Maua jike huja nyuma yake, na hayajifichi: chini ya petali kuna kiboga kidogo cha mviringo, nacho ndicho ovari. Mwanafunzi aliyeiona ovari ikiwa na umbo la boga kabla ua halijafunguka hahitaji tena kuambiwa tunda linatokana na nini. Hapo lifanywe jaribio. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo vitumba vya maua jike vifunikwe kwa mifuko ya karatasi na kufungwa kwa uzi, vingine viachwe. Fungu la kwanza ni la nyuki, halifunikwi. La pili linafunikwa na kuachwa hivyo hivyo. La tatu linafunikwa, asubuhi linafunguliwa, linapakwa chavua ya ua dume kwa mkono, kisha linafunikwa tena. Ndani ya wiki moja hivi, viboga visivyopata chavua vitageuka manjano na kudondoka, na vilivyoipata vitaendelea kunenepa.

Utamu wa jaribio hili umo kwenye fungu la tatu. Waulize wanafunzi lina kazi gani, nao watabishana. Mmoja atasema kuwa maua ya fungu la pili yalikufa kwa joto la mfuko wa karatasi, wala si kwa kukosa chavua, na atakuwa amesema jambo la kisayansi kabisa. Fungu la tatu ndilo linalomjibu, kwa kuwa nalo lilikaa ndani ya mfuko na bado likazaa. Mwingine atauliza kwa nini yafunikwe maua kumi badala ya moja, na hapo amegusa msingi wa takwimu bila kuona hata fomula. Mambo hayo ya ulinganisho wa jaribio na wingi wa sampuli yameandikwa kwenye kila kitabu cha kidato cha kwanza, kwenye sura ambayo kila mtu huiruka. Gharama yake ni mbegu zilizotolewa kwenye boga la jikoni, karatasi za magazeti na uzi. Msusa utaliwa.

Kila shule ina chake cha kutazamwa. Ng'oa mche wa maharage uliokaribia kutoa maua, suuza mizizi, pasua kifundo kimoja kwa ukucha: rangi ya waridi ndani yake inaonyesha kuwa bakteria wanafunga nitrojeni, na kilicho kijivu au kijani hakifanyi kazi. Mpapai dume, ambao watu huufyeka kwa kuwa hauzai, ndio unaotoa chavua inayobebwa na nondo usiku kwenda kwa mipapai jike. Mkorosho unawachanganya hata walimu, maana tunda lenyewe ni korosho na bibo ni kikonyo kilichonona. Kifauwongo kiko karibu na kila kiwanja cha mpira kwenye maeneo yenye mvua, na mada ya mwitikio inaanzia kwenye kidole cha mtoto. Sitaendelea kuorodhesha, kwa sababu mwalimu anayekizunguka kiwanja cha shule yake kwa nusu saa akiwa na muhtasari wa somo mkononi atapata orodha iliyo bora kuliko yangu.

Kuna jambo moja la kusafisha kwanza. Katika shule zetu nyingi jembe ni adhabu. Aliyechelewa gwaride anapelekwa shambani, aliyepiga kelele anang'oa visiki, na shamba linakuwa mahali pa kulipia makosa. Mwalimu wa baiolojia akija baadaye na daftari lake kusema kuwa hapo ni maabara, haaminiki. Ushauri wangu ni kutenga kipande kidogo, hata cha mita tano kwa tano, kikawekewa uzio na bango, na uongozi wa shule ukakubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa humo. Mwalimu wa nidhamu atanung'unika. Mwelezeni kuwa shule ina ardhi nyingine ya kutosha.

Bustani nayo ina mpaka wake. Inaonyesha mabadiliko ya wiki na miezi, na inaruhusu kujaribu, lakini haiwezi kuwaweka fisi, swala na binadamu kwenye meza moja, wala kumwonyesha mtu kiumbe kilichokufa kabla ya kuwapo mtu wa kukiona. Ulinganisho mpana na muda mrefu ni kazi ya makumbusho. Njia nzuri ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni meno. Omba fuvu la mbuzi kwa muuza supu, lichemshe mpaka nyama itoke, lianike, lilete darasani. Wanafunzi wahesabu. Watapata meno 32, sawa na ya mtu mzima, na watadhani wamekosea. Hawajakosea. Mbuzi hana hata jino moja la mbele kwenye taya la juu, ana ufizi mgumu tu. Chini ana meno manane ya mbele. Kisha kuna pengo refu. Kisha magego yenye matuta ya kusagia. Idadi ni ileile kwa mlaji wa majani na kwa mtu anayekula ugali na samaki, lakini mpangilio ni tofauti kabisa, na chakula kinasomeka kwenye mpangilio huo. Swali linalofuata linajitokeza lenyewe: kama tukipewa fuvu la kiumbe asiyekuwapo tena, tunaweza kujua alikula nini?

Hilo ndilo swali la kupandia basi, na Afrika Mashariki ina fuvu la kulijibia. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliligundua fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Oldupai, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ni makubwa ajabu, meno ya mbele ni madogo, na juu ya kichwa kuna mwinuko wa mfupa ambako misuli ya kutafunia ilijishika. Kwa umbo hilo alipewa jina la utani la mvunja kokwa, na kwa miongo mingi watu waliamini kuwa alikula vitu vigumu. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walichapisha uchunguzi wa kaboni iliyomo kwenye meno ya viumbe wa spishi hiyo waliopatikana Kenya. Meno yalionyesha kuwa takriban robo tatu ya chakula chao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago, ambayo hufanya usanisinuru kwa njia iitwayo C4. Mahindi hutumia njia hiyo hiyo. Maharage hutumia njia nyingine, C3, na alama ya kaboni yake ni tofauti. Kwa hiyo mstari wa mahindi na maharage nyuma ya darasa ndio ufunguo wa kulisoma fuvu lililo nyuma ya kioo, na mwanafunzi wa kidato cha tano anayelalamika kuwa C3 na C4 ni mambo ya kukariri atakuwa amepewa sababu ya kuyajali. Tena amejifunza kuwa umbo la jino peke yake laweza kumdanganya hata mtaalamu.

Sasa siku yenyewe. Mwalimu aende kwanza peke yake, azungumze na ofisa elimu wa makumbusho, aulize kiingilio cha wanafunzi, achague vituo vitatu tu. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yako mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, hivyo asubuhi moja inatosha kwa vyote viwili. Nairobi ni rahisi zaidi: Museum Hill ina ukumbi wa ndege, mifupa ya kale, nyoka hai na bustani ya mimea ndani ya eneo moja. Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya Boma la Wajerumani. Shule za Muheza na Tanga zina Amani, bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902 kwenye milima ya Usambara Mashariki. Wagawe wanafunzi watano watano, kila kundi na karatasi moja, na wachore kwa penseli. Simu zikae mfukoni hadi mwisho. Anayechora taya analazimika kuhesabu meno. Anayelipiga picha halazimiki. Kituo cha mwisho wakichague wenyewe, ilimradi kijibu swali waliloletewa. Yael Bamberger na Tali Tal, katika utafiti wao wa mwaka 2007, waliona kuwa wanafunzi hushiriki vizuri zaidi wakipewa uhuru wenye mipaka, kuliko kuachiwa kabisa au kuongozwa hatua kwa hatua. Mwongoza wageni mwenye hotuba ya saa nzima aombwe kwa adabu azungumze dakika kumi kisha ajibu maswali.

Kwa shule za pwani ya Kenya kuna mahali ambapo bustani na historia yake vimekuwa kitu kimoja. Pale Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi kuacha jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti hapo, na kati ya michache iliyostahimili, mvinje ndio uliotawala, kwa kuwa bakteria walio kwenye mizizi yake huupatia nitrojeni. Tatizo likawa majani yake: yalianguka, yakarundikana, hayakuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala, na vinyesi vyao vikawa mwanzo wa mboji. Leo ni msitu wenye wanyama, unaojulikana kama Haller Park. Mwalimu wa ikolojia anayetaka kufundisha wazalishaji, waozeshaji na jinsi uoto unavyofuatana hatapata mfano wa wazi kuliko huo, lakini faida yake itaonekana kwa darasa lililokwisha kutazama rundo la majani likioza, au likikataa kuoza, kwenye kona ya shule.

Pingamizi la kwanza ni muda. Muhtasari ni mrefu, mtihani hausubiri, na mkuu wa shule anataka kuona mada zimekwisha. Ni pingamizi la haki. Hata hivyo ninachopendekeza hakiongezi mada. Kinahamisha vipindi viwili mfululizo, dakika themanini, kutoka darasani kwenda nje, mara moja kila wiki mbili. Na kuhusu matokeo, Dilafruz Williams na Scott Dixon walipitia tafiti 48 za miaka ya 1990 hadi 2010 kuhusu kujifunza kupitia bustani za shule, wakakuta kuwa kwa sehemu kubwa athari kwenye masomo ni nzuri, na sayansi ikiwa mbele. Waandishi wenyewe walisema kuwa nyingi ya tafiti hizo zilikuwa na udhaifu wa mbinu, kwa hiyo tusizichukue kama amri. Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Arkansas, Marekani, ambako Jay Greene na wenzake walitumia bahati nasibu kuchagua shule za kutembelea makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges. Katika wanafunzi karibu 11,000, waliokwenda walionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kutazama na kutoa hoja, na waliofaidika zaidi ni wa vijijini na wa shule maskini. Hiyo ilikuwa sanaa, wala sidai kuwa michoro na mafuvu ni kitu kimoja. Lakini kutazama kitu kwa makini na kusema kwa nini unafikiri unavyofikiri ndicho anachotakiwa kufanya mwanafunzi kwenye mtihani wa vitendo wa baiolojia, kielelezo kikiwa mezani mbele yake.

Pingamizi la pili ni idadi. Darasa lina wanafunzi sabini, mwalimu ni mmoja. Usiwatoe wote. Nusu wabaki wakiandika maelezo ya kipindi kilichopita chini ya kiranja, nusu watoke, na wabadilishane katikati ya muda. Walio nje kila kundi liwe na mche wake, wenye namba yake, na mtu wa kuandika. Waandike kwa lugha inayowajia. Kiingereza cha mtihani kitawekwa baadaye darasani, wakati jambo lenyewe limeshaeleweka.

La tatu ni umbali na fedha, na hili sitalipamba. Shule ya Kibondo haiwezi kupeleka watoto Dar es Salaam kuona fuvu, na haihitaji. Itengeneze makumbusho yake kwenye kabati la maabara: taya la ng'ombe, fuvu la mbuzi, mguu wa kuku uliosafishwa mifupa yake, makombe ya konokono, kiota kilichoachwa, mbegu zilizopangwa kwa namna zinavyosambaa, majani yaliyokaushwa katikati ya magazeti chini ya matofali. Kila kitu kiwe na kadi: jina, mahali kilipookotwa, tarehe, aliyekileta. Kadi ndiyo inayokigeuza kitu kuwa ushahidi. Lakini tahadhari: mabaki ya wanyamapori, kuanzia pembe na meno hadi ngozi, ni nyara za Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ya Tanzania, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Tumieni mifugo.

La nne husemwa kwa sauti ya chini. Wazazi wengine, Waislamu kwa Wakristo, hawapendi mtoto wao asimamishwe mbele ya fuvu la Oldupai aambiwe huyo ni babu yake. Mwalimu mwenye busara hataanza hivyo. Ataanza na kipimo: urefu wa gego, nafasi ya tundu la uti wa mgongo, unene wa taya, kisha atauliza vipimo hivyo vinaelekeza wapi na wanasayansi wamehitimisha nini. Mtihani hupima kama mwanafunzi anaielewa hoja ya mageuko na ushahidi wake, haupimi imani yake, na ni vizuri hilo lisemwe waziwazi kwenye kikao cha wazazi kabla ya safari, siyo baada ya malalamiko.

Kuhusu siku ya baada ya ziara, maneno machache yanatosha. Kipindi cha kwanza baada ya kurudi kiwe cha kubandika michoro ukutani na kubishana, na kisipite wiki. Kundi lililochora taya tofauti na wenzake lirudi kwenye fuvu la mbuzi kuthibitisha.

Kama muhula wako unaanza Januari, mbegu za maboga ziwe ardhini kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na barua ya kuomba nafasi makumbusho iandikwe wiki hiyo hiyo, ikitaja mada, kidato, idadi ya wanafunzi na swali wanalokuja nalo. Maua jike yatatokea karibu na wakati utakapopata jibu.